Amecheka?

Kazi yangu ilikuwa taa.
Miaka ishirini na sita nilimmulika Döndü Kılavuz
kutoka kibanda cha mbao nyuma ya ukumbi,
kidole juu ya swichi, jicho kwenye kidevu chake:
kikiinuka, mzaha umefika ukingoni;
kikishuka, zima.

Tulianzia chini ya baa moja, Duisburg,
ghala la zamani la makaa ya mawe.
Ukiegemea ukuta, ulirudi kwako na mgongo mweusi.
Watu thelathini na wawili, bia, moshi,
na msichana wa miaka kumi na tisa
ndani ya ovaroli ya baba yake.

"Baba alitaka mtoto wa kiume," akasema.
"Nilipozaliwa mimi, binti wa nne, akaniita Döndü.
Kwa Kituruki maana yake: amegeuka.
Alidhani Mungu atalisoma jina, ageuze mkono.
Basi nimegeuka, waungwana.
Nimewageukia ninyi."

Kimya.
Kisha fundi mmoja wa tanuri la chuma
akaangua kicheko hadi povu likamtoka puani.

Akamwigiza karani wa vibali,
yule asemaye na wageni kama anagongelea misumari:
"Wewe kutoka wapi? Wewe kurudi lini?"
"Mimi kutoka hospitali ya mtaa wa pili.
Mimi kurudi wewe ukijifunza vitenzi."

Mama yake, Bi Satı, ndiye aliyefagia ghala lile alfajiri.
Jioni alirudi, akaketi safu ya tatu,
ncha ya kitambaa cha kichwa kinywani.
Döndü hakuweza kumwona; taa zangu zilimpofusha.
Kwa hiyo kila usiku, jasho halijakauka, aliniuliza:
"Amecheka?"
Mabega ya mama hayakutikisika hata mara moja.
"Amecheka," nilimjibu.
Uongo wa kwanza una miiba;
wa pili hujisema wenyewe.

Watu wa luninga wakaja, wakampa ndoo.
Filamu saba, ndoo saba,
na majina yalipopita mwishoni: Mwanamke mwenye ndoo.
Ya nane aliipindua, akaikalia, kamera zinazunguka:
"Nitainuka mkinipa jina."
Walimfukuza.
Miaka miwili tukala kwa kumbi za zimamoto
na sherehe za wafuga njiwa
(watu wema, ila hucheka polepole).
Kisha mtu fulani, sijui alipandwa na wazimu gani,
akampa tishali: nahodha kwenye mto Rhine,
mwenye matusi ya lugha mbili, mwenye kupenda na kukosea.
Nilikutana na wazee kwenye foleni ya mkate
wakibishana kuhusu injini yake.

Halafu ule mwaka wa nyumba kuchomwa, watu wamelala ndani.
Alipanda jukwaani, akasimama.
Dakika nne. Nilizihesabu kwa kidole kinachotetemeka.
Kidevu hakikuinuka wala kushuka.
Akasema: "Nimeutafuta mzaha wake. Sijaupata.
Mkiupata, niandikieni."
Barua zilijaza beseni. Nyingine sikumpa.
Husemwa mzaha mzaha hutumbua usaha.
Usiku ule nilijua usaha ulikuwamo siku zote;
mzaha ni sindano tu.

Alikufa Februari, mapafu, kama wanaume wa tanuri.
Mazikoni Bi Satı alinishika kiwiko.
Miaka yote ile sikuwahi kumsemesha
zaidi ya habari za jioni.
Nikaona heri niutue mzigo:
"Mama, nilimdanganya. Nilimwambia unacheka."

Akanitazama kama mtu aonaye sakafu
iliyodekiwa na mvivu.
"Mimi kucheka," akasema. "Tramu.
Kila usiku, tramu, mpaka kituo mwisho.
Ukumbini, nani kusikiliza mtoto,
mimi kupiga kelele?"

Nilirudi ukumbini usiku ule, peke yangu.
Niliwasha taa moja, ile ya kati.
Sikujua niizime lini.